Ufagio Bila Kizoleo

Katika nyumba za Mji wa Kale wa Mombasa, agizo la usafi wa asubuhi hutaja mahali. Fagia ua. Fagia ukumbi. Fagia baraza, kisha pale mlangoni. Taka zina kitenzi chao, kuzoa, na aliyeambiwa afagie huelewa bila kuelezwa kwamba hajamaliza mpaka azoe. Hivyo ndivyo sarufi ya nyumbani ilivyoigawa kazi: unafagia mahali, unazoa taka. Sasa tazama lugha ya hadhara, ile ya majukwaa ya siasa, vichwa vya habari na matangazo ya mpira. Huko hufagiwa wafisadi, wachuuzi, wahalifu, wapinzani na timu za ugenini. Mahali pameondoka kwenye sentensi. Hatajwi mwenye ua unaotakiwa ung'ae, wala atakayezoa, wala kule kinachofagiwa kinakopelekwa. Hoja yangu ni kwamba badiliko hili la sarufi, dogo kwa kulitazama, ni dalili ya upungufu mkubwa katika namna tunavyoufikiria usafi. Tumeushika ufagio tukakiacha kizoleo, katika maneno na katika kazi yenyewe. Kisiwa cha Mombasa kinafaa kwa kulichunguza jambo hili kwa sababu msamiati kamili bado ungali hai humo, na gharama ya kuupuuza inaonekana vichochoroni.

Tuanze na kazi yenyewe. Kwanza hunyunyizwa maji kidogo ili vumbi lisitimke. Tandabui za kwenye pembe na boriti hushushwa mapema, maana atakayezishusha mwisho atafagia mara mbili. Mkeka huondolewa na kukung'utwa nje. Ndani hutumika ufagio laini wa majani ya mkoma, aina ambayo mpaka leo hutoka kwa wafumaji wa Kilifi na Kwale na kuuzwa sokoni. Nje, penye mchanga, vifusi na majani, hutumika ufagio wa chelewa, yaani zile njiti ngumu za katikati ya majani ya mnazi zinazobaki ukishalichana jani pande zote mbili, zikafungwa pamoja upande mmoja. Asiyejua tofauti ya fagio hizi mbili ataikwaruza sakafu kwa chelewa au ataumaliza mkoma wake uani kwa wiki moja. Taka husukumwa kuelekea sehemu moja mpaka ziwe biwi. Biwi huzolewa kwa kizoleo, ambacho chaweza kuwa cha plastiki kilichonunuliwa dukani au kipande cha debe la bati lililokatwa na kukunjwa. Kisha hutiwa kapuni na kupelekwa jaani. Mwisho sakafu hupigwa deki, neno lililoshuka kutoka melini, ambako sitaha huoshwa kwa maji na kusuguliwa. Katika mji wa bandari ni jambo la kutarajiwa kwamba mabaharia waliacha kazi yao hadi kwenye sakafu za nyumba.

Angalia msururu ule: nyunyiza, kung'uta, fagia, kusanya, zoa, tupa jaani, piga deki. Kila hatua ina neno lake na nyingi zina chombo chake. Hakuna neno hata moja ndani yake linalodai kuumaliza uchafu. Yote yanauhamisha, kutoka ukumbini hadi uani, kutoka uani hadi kwenye biwi, kutoka kwenye biwi hadi jaani. Waliouunda msamiati huu walielewa kwamba taka haipotei kwa kusukumwa, na ndiyo maana Kiswahili kina kauli ya kutendea inayolitaja hilo waziwazi: kufagilia. Unafagilia taka pembeni, unazifagilia nje. Ikitumiwa hivyo, kauli hiyo humlazimisha msemaji aseme zinakoelekea. Atakayenikumbusha kwamba watu husema pia fagia vumbi au fagia majani hatakuwa amekosea. Lakini sikiliza sentensi hizo zinavyoendelea nyumbani, utakuta agizo halijatulia mpaka mahali patajwe: fagia majani yale hapo chini ya mwembe. Mahali hurudi tu.

Neno lenyewe lina historia inayoihusu Mombasa moja kwa moja. Wasemaji wa Kimvita huitamka kazi hii kufyagia na chombo chake ufyagio. Masikio yaliyozoea Kiswahili cha shuleni huweza kuidhani hiyo y ni mapambo ya lafudhi, kumbe ndiyo alama ya asili. Wataalamu wa lugha za Kibantu hulirejesha neno hili kwenye mzizi wa kale ulioanza na sauti p ikifuatwa na i. Katika Kiswahili p ya namna hiyo iligeuka f, kama ilivyokuwa katika fika, ficha na figa. Fyagia imehifadhi kivuli cha ile i, ilhali fagia imekiacha. Kamusi za karne iliyopita zimelihifadhi pia neno jingine la pwani kwa kazi hii, kupea, pamoja na upeo kwa maana ya kitu cha kufagilia. Upeo huo umezikwa na upeo mwingine, ule wa macho na wa mafanikio, na leo msomaji akikuta upeo umesimamishwa nyuma ya mlango atadhani ni kosa la uchapishaji. Ng'ambo ya maji ndugu yake yuko mzima: Wamijikenda husema kuphyera, na ufagio wao ni luphyero.

Kwa nini basi vitabu vyetu vina fagia peke yake? Juni 1928 wawakilishi wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar walikutana Mombasa kuamua ni lahaja ipi iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Uamuzi ulikuwa Kiunguja. Kimvita, lahaja ya mji uliokuwa mwenyeji wa mkutano huo, kilibaki kuwa lugha ya nyumba, ya ushairi na ya mitaa. Silirejei jambo hili ili kudai haki iliyopotea, kwani usanifishaji ulitupa lugha ambayo leo inasomwa kutoka Lamu hadi Bukavu. Nalirejea kwa sababu lilitenganisha mahali maneno yanapoishi na mahali maneno yanapoandikwa. Lugha iliyokwenda darasani, bungeni na gazetini ilikwenda na kitenzi kimoja cha ufagio. Jamaa zake wengi walibaki uani, mikononi mwa wanawake na wasichana ambao ndio wamebebeshwa kazi hii kizazi baada ya kizazi, na ambao hawakuulizwa na mwandishi wa kamusi ni hatua gani inayofuata baada ya kufagia.

Kitenzi kilichokwenda hadharani kilipata kazi mpya haraka. Kwa jirani zetu wa Tanzania, fagio la chuma limekuwa kwa miaka mingi jina la ahadi ya kuwaondoa wazembe na wala rushwa serikalini. Kenya nayo haijabaki nyuma: kila awamu mpya ya uongozi, katika taifa au katika kaunti, huingia na ahadi ya kufagia. Wala si Waswahili peke yao. Jânio Quadros alishinda urais wa Brazil mwaka 1960 akiwa na ufagio kama nembo yake, akiahidi kuufagia ufisadi. Aliapishwa Januari 1961, na Agosti mwaka huohuo alijiuzulu, akiiacha nchi katika mgogoro ambao miaka 3 baadaye uliishia katika mapinduzi ya kijeshi. Nchini India chama cha Aam Aadmi kilichukua ufagio kuwa alama yake ya uchaguzi, na Februari 2015 kilipata viti 67 kati ya 70 vya bunge la Delhi. Burkina Faso ilikuwa na vuguvugu la Le Balai Citoyen, ufagio wa raia, katika maandamano yaliyomng'oa Blaise Compaoré mwaka 2014. Mvuto wa ishara hii ni rahisi kuuelewa. Kila mtu anaujua ufagio, ni chombo cha maskini, na mkupuo wake mmoja huonekana na kusikika. Hakuna chama, kwa kadiri ya mifano hii, kilichochukua kizoleo kuwa nembo yake.

Kuna tukio moja la Afrika Mashariki ambalo lafaa kutazamwa kwa makini zaidi kuliko lilivyotazamwa. Mwaka 2015, wiki chache baada ya kuapishwa, Rais John Magufuli alifuta sherehe za Uhuru wa Tanganyika za tarehe 9 Desemba na kuagiza siku hiyo iwe ya usafi nchi nzima. Wengi walisema Rais mpya ameanza kufagia. Lakini picha zilizoenea duniani zilimwonesha akiokota taka karibu na Ikulu ya Dar es Salaam. Alichokuwa akifanya ni kuzoa. Lugha ya hadhara ilikuwa na neno moja tu la kumpa, ikampa hilo, na hatua ngumu zaidi ya kazi, ile ya kuinama na kuubeba uchafu mpaka unapostahili kuwa, ikapita bila kutajwa. Ninaamini kama ingetajwa kwa jina lake, mjadala uliofuata katika miji yetu ungeuliza maswali mengine: yako wapi magari, liko wapi jaa, ni nani atakayezoa kesho Rais akishaondoka mahali hapo?

Kuzoa nako hakukubaki bila kazi hadharani. Fungua kurasa za michezo au za uchaguzi utakikuta kitenzi hicho kila siku: mwanariadha amezoa medali, mgombea amezoa kura, kampuni imezoa faida. Hapa pana jambo la kustaajabisha. Kufagia kumetengewa maadui na kuzoa kumetengewa zawadi. Vitenzi viwili vilivyofuatana mkono kwa mkono nyumbani vimetengana: cha kwanza huwashukia watu tusiowataka, cha pili huturudishia vitu tunavyovitaka. Katika mgawanyo huo mpya hakuna anayebaki na taka mkononi.

Biwi nalo limepata hatima yake. Hakuna mwanafunzi wa Kenya aliyefundishwa insha ambaye hajawahi kuandika biwi la simanzi. Msiba ukitokea katika insha, wahusika hugubikwa na biwi hilo, na mwalimu huweka alama ya vyema pembeni. Ni wachache miongoni mwao wanaojua kwamba biwi ni lile rundo la majani, magugu na takataka lililokusanywa kwa kufagia au kulima, likisubiri kuzolewa au kuchomwa. Ukilijua hilo, sitiari yenyewe hupata nguvu yake yote: huzuni iliyokusanyika, ambayo imesukumwa kutoka kila pembe ya nyumba mpaka ikawa rundo moja, na ambayo bado haijaondolewa. Aliyeitunga kwanza alikuwa ameshika ufagio. Wanaoirudia leo wamepewa tamathali bila ya kazi iliyoizaa, na neno lililokuwa na matumizi kila asubuhi limegeuka pambo la mtihani.

Athari nzito zaidi inawahusu watu. Kitenzi kinapoacha kupokea mahali na kuanza kupokea binadamu, binadamu hao huingia katika fungu la taka hata kama mwandishi hakukusudia. Kusema kwamba askari wa jiji wamefagia wachuuzi kandokando ya Barabara ya Digo na kuzunguka soko la Marikiti ni kuwaweka wauza maembe mahali ambapo sarufi ilikuwa imeweka vumbi. Msomaji hatauliza walikwenda wapi, kwa sababu kitenzi hakimdai aulize. Angeandika mwandishi kwamba wachuuzi wamehamishwa au wamefukuzwa, swali la wapi lingemfuata papo hapo. Nitaambiwa kwamba hata zamani kufagia kulitumika kwa watu, kwa mfano maradhi yanapoua wengi ikasemwa yamefagia kijiji. Ni kweli, lakini katika matumizi hayo anayefagia ni balaa, na msemaji husimulia kwa hofu. Jipya katika zama zetu ni kwamba mwenye mamlaka hujipa mwenyewe nafasi ya tauni na kujisifu nayo.

Na aliyeshika ufagio kwa kweli, siyo kwa sitiari, lugha imempa nafasi gani? Historia ya neno topasi inatoa jibu gumu. Kamusi za Kiswahili hulieleza kuwa ni mtu anayefagia na kusafisha vyoo, na wazee wa miji ya pwani walilitumia hivyo. Neno lilitujia kupitia India ya Waingereza na meli zake, ambako topas alikuwa mtumishi wa ufagio na mabafu. Lakini karne za nyuma zaidi lilikuwa jina la askari machotara wa India waliojinasibisha na Wareno, dola ileile iliyoanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593 na kuipoteza mwaka 1698. Jina lililobeba dai la nasaba na silaha lilishuka ngazi kwa ngazi mpaka likaishia chooni, na lilipotua Mombasa lilikuwa limekwisha kuwa dharau. Waganda wana neno la kulinganisha nalo. Kyeyo ni ufagio, na nkuba kyeyo, mpiga ufagio, ndilo jina la Mganda aliyekwenda Ulaya, Marekani au Ghuba kufanya kazi yoyote ipatikanayo. Ndani ya jina hilo mna utani wa nyumbani, mna pia ukweli kwamba fedha za ufagio huo zimejenga nyumba nyingi kuzunguka Kampala. Kyeyo humkumbuka mfanyakazi. Topasi humficha, na kitenzi fagia cha hadharani humfuta kabisa, kwani anayefagia katika vichwa vya habari siku zote ni mkubwa fulani ambaye mikono yake haijagusa vumbi.

Mji wa Kale una hazina yake ya kulijibu hilo, nayo haitoki katika kamusi. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, palikuwa na mtu aliyekuwa akiusafisha msikiti wa Mtume mjini Madina, na baadhi ya mapokezi humtaja kuwa mwanamke mweusi. Alipofariki, masahaba walimzika bila kumwarifu Mtume, wakiona ni jambo dogo. Mtume alipomkosa akauliza, akataka aoneshwe kaburi, akamswalia hapo. Hadithi hii hufundishwa katika madrasa za pwani kama funzo la unyenyekevu. Mimi naona ina funzo jingine ambalo halijasemwa vya kutosha. Bukhari aliiweka chini ya mlango ambao anwani yake inataja kufagia msikiti na pia kuokota vitambaa, uchafu na vijiti. Msomi huyo wa karne ya 9 hakuona kwamba kufagia peke yake kumeielezea kazi ya mama yule. Aliitaja na hatua ya pili. Anayeusafisha leo Msikiti wa Mandhry, ambao kuasisiwa kwake hutajwa kuwa mwaka 1570, anafanya hatua hizohizo mbili, na kwa itikadi ya watu wa mtaa wake thawabu hupatikana kwa zote.

Hata mwiko wa kufagia usiku unaingia hapa. Pwani nzima watoto hukatazwa, wakiambiwa wataifukuza riziki. Ni rahisi kuuita ushirikina na kuuacha. Lakini uweke katika nyumba yenye taa ya mafuta, yenye sakafu ya chokaa na vyumba virefu vyenye madirisha machache, na utaona mantiki yake: gizani unaweza kusukuma taka, huwezi kuzikagua. Kipuli kilichodondoka, sindano, sarafu, vyote huenda na vumbi. Riziki inayofukuzwa ni riziki halisi. Mwiko unamtaka anayefagia aone anachokiondoa kabla ya kukiondoa, na hilo ni sharti ambalo lugha ya hadhara haimwekei yeyote.

Pingamizi kubwa dhidi ya hoja hii ni la watu wa vitendo. Watasema: taka za Mombasa ni suala la bajeti, magari na usimamizi, hata mkirudisha kila neno la Kimvita, biwi litabaki pale pale lilipo. Nakubali sehemu ya kwanza. Vichochoro vya Kibokoni na vile vinavyotoka Ndia Kuu kuelekea baharini vilijengwa kwa mwendo wa mtu na punda, na lori la taka halipiti. Kinachofagiwa humo ni lazima kibebwe kwa mkono au kwa mkokoteni hadi barabara pana, kisha kipakiwe. Hiyo ni gharama, na hakuna sarufi itakayoilipa. Lakini bajeti hufuata kile kinachohesabiwa kuwa kazi. Pale ambapo usafi umeeleweka kuwa ni kufagia, atapatikana mtu wa ufagio, atapewa koti la rangi na atafagia vizuri alfajiri. Halafu biwi litasubiri gari, na kabla gari halijafika upepo wa kusi, paka na kunguru watakuwa wamelirudisha barazani. Kazi ya asubuhi ile imepotea, na lawama itamwendea mfagiaji aliyekamilisha sehemu yake. Pengo lipo baina ya fagia na zoa, mahali hasa ambapo lugha yetu ya hadhara haina neno.

Sheria, kwa namna ya kushangaza, imelikumbuka pengo hilo kuliko lugha ilivyolikumbuka. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 linapoorodhesha majukumu ya kaunti, linataja uondoaji wa taka, majaa na utupaji wa taka ngumu. Kufagia hakutajwi katika kipengele hicho. Yote matatu ni mambo ya baada ya ufagio. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 ikaongeza kwamba taka zitenganishwe tangu zinapozalishwa, jambo ambalo halifanyiki kwa kusukuma kila kitu kwenye rundo moja. Kibarani nako kulitoa somo lake. Kwa miaka mingi jaa lililokuwa hapo lilimpokea kila aliyeingia kisiwani kwa njia ya Makupa, moshi na harufu vikitangulia mji. Lilipofungwa mwaka 2018 na eneo kupandwa nyasi na miti, ilisemwa kwamba lango la Mombasa limefagiwa. Taka zilielekezwa Mwakirunge, bara kaskazini, ambako nako kuna wakazi. Sidharau kazi iliyofanyika Kibarani. Mji wenye heshima haukaribishi wageni kwa moshi wa taka. Nasema tu kwamba neno lililotumika lilisifu mahali palipong'arishwa na kunyamaza kuhusu mahali palipobebeshwa, ilhali kauli ya kufagilia ingelazimisha vyote viwili vitajwe.

Wapo pia watakaosema kwamba lugha ni mto, kwamba sitiari hukua zenyewe, na kwamba mwandishi anayetaka fagia ibaki uani anataka kuuzuia mto kwa mkono. Mfano wao mzuri ni kufagilia kwa maana mpya. Vijana wa Tanzania, na sasa wa Kenya, husema namfagilia fulani, yaani namsifu, niko upande wake. Na mwenye kujisifu huambiwa anajifagilia. Hiyo ni sitiari changa kabisa, na ni nzuri mno. Kumfagilia mtu ni kumsafishia njia apite, na mahali pamerudi kwenye kitenzi ingawa hapaonekani. Hao vijana hawakuhitaji kamati. Walilisikia neno kwa undani wake na kulipeleka mbele bila kulivunja. Sina ugomvi na sitiari. Ugomvi wangu ni na sitiari iliyokatwa nusu, ambayo imechukua kishindo cha ufagio na kuiacha dhamana yake, na tofauti baina ya aina hizi mbili inaweza kupimwa kwa swali jepesi: je, neno bado linamkumbuka anayebaki na taka?

Kwa hiyo ninachokiomba ni kidogo na kinatekelezeka. Waandishi na wahariri waache kuwafagia watu. Vipo vitenzi vya kutosha, fukuza, hamisha, futa kazi, kamata, na kila kimoja kina uwajibikaji wake. Walimu wa Kiswahili wanapofundisha biwi la simanzi walifundishe na biwi lenyewe, pamoja na kizoleo, chelewa, jaa na fyagia, kwani wanafunzi wengi wa kisiwani wana bibi ambaye ni kamusi kamili ya maneno haya. Na kaunti inapoandika mkataba wa usafi wa Mji wa Kale, isitosheke na orodha ya mitaa itakayofagiwa. Iandike kwa kila mtaa nani anazoa, saa ngapi baada ya ufagio, kwa chombo gani kinachopita katika kichochoro kile, nani anasukuma mkokoteni mpaka barabarani na kwa ujira gani, na taka zinafika jaa lipi.